Georgii Mikhailovich na Sarafu za Fedha za Urusi ya Kale

Haba na haba hujaza kibaba, walinena wahenga. Hata hivyo, kibaba cha Mwanamfalme Georgii Mikhailovich wa Urusi hakikujazwa kwa haba, wala mwenyewe hakupata kuijua dhiki hadi uzeeni. Alikuwa mjukuu wa Kaizari Nicholas I, na katika nchi ambamo mamilioni ya watu walizaliwa na kufa bila kumiliki hata shamba la kulima, yeye alizaliwa akiwa na jumba, cheo cha kijeshi na posho kutoka hazina ya familia ya kifalme. Wanawafalme wa namna hiyo katika ukoo wa Romanov walikuwa wengi, na wengi wao hawakumbukwi leo ila kwa mavazi yao ya fahari katika picha zilizofifia. Georgii Mikhailovich anakumbukwa kwa jambo jingine kabisa. Alikusanya sarafu za nchi yake, hasa zile za fedha zilizokuwa adimu, kisha akaziandikia vitabu ambavyo hakuna mtafiti wa uwanja huo anayeweza kuvikwepa.

Alizaliwa mwaka wa 1863 karibu na mji wa Tiflis, ambao sasa huitwa Tbilisi, katika nchi ya Georgia. Babake, Mwanamfalme Mikhail Nikolaevich, alikuwa ametumwa huko kuitawala Kaukazi kwa niaba ya Kaizari, naye aliishikilia kazi hiyo kwa takriban miaka ishirini. Mamake, Olga Feodorovna, alikuwa binti wa ukoo wa watawala wa Baden, Ujerumani. Watoto walikuwa saba, wavulana sita na msichana mmoja, nao walilelewa kwa ukali wa kambi ya jeshi: walilala kwenye vitanda vya chuma vyenye magodoro membamba na kuamshwa alfajiri, na siku nzima ikagawanywa baina ya masomo, sala na mazoezi ya silaha. Ndugu yake mdogo, Alexander, alichapisha kumbukumbu za maisha yao mwaka wa 1932, na humo amesimulia kisa kimoja kinachotoa taswira nzuri ya malezi hayo. Siku moja mezani, Georgii alithubutu kusema kwamba angependa kuwa mchoraji wa picha za watu. Pakazuka kimya kizito. Hakuna aliyemkaripia, lakini watumishi walipoleta kitindamlo walimpita kana kwamba kiti chake hakikuwa na mtu. Mtoto akafahamu kwamba mjukuu wa Kaizari huzaliwa askari, hana hiari ya kuchagua.

Akaingia jeshini kama ilivyotakiwa. Jeraha la mguu ndilo lililomwekea mpaka katika kazi hiyo, na huenda lilimfaa kuliko lilivyomdhuru, kwa kuwa lilimpa wakati. Jicho la mchoraji lililonyimwa turubai likahamia kwenye kitu kingine chenye nyuso za watu: sarafu. Uso wa mfalme uliochongwa kwenye chuma ni picha ya mtu vilevile, tena ni picha yenye tarehe, uzani na jina la aliyeidhinisha.

Ni vyema kueleza hapa ni sarafu za aina gani zilizomshughulisha. Kabla ya Peter I, sarafu ya kila siku ya Urusi ilikuwa kopeki ndogo ya fedha, iliyotengenezwa kwa kukata waya wa fedha vipande vipande, kuvibapa na kuvigonga chapa. Vipande hivyo havikuwa na umbo la kuaminika, vilipotea kwa urahisi na havikufaa kwa biashara kubwa. Peter aliposhika hatamu alitaka sarafu kama za Ulaya Magharibi, na mwaka wa 1704 rubli ya fedha ikaanza kufuliwa kwa wingi, yenye uzani wa takriban gramu 28. Kipimo chake kilikuwa ni thala, ile sarafu nene ya Wajerumani. Wasomaji wa pwani ya Afrika Mashariki wanaijua thala hata kama hawalijui jina hilo, maana riale ya Maria Theresa iliyotamalaki masoko ya Unguja na Mombasa katika karne ya 19 ni ya jamii hiyohiyo. Uzani wa rubli haukudumu. Wafalme walipopigana vita na hazina ikapungukiwa, fedha ndani ya rubli nayo ilipunguzwa, hivi kwamba kufikia mwanzo wa karne ya 19 rubli ilikuwa na gramu 18 tu za fedha halisi. Anayezipanga rubli kwa mfuatano wa miaka, basi, huwa mbele yake amepanga historia ya vita, madeni na mapinduzi ya nchi hiyo bila kufungua kitabu.

Uadimu wa sarafu hautokani na umri wake. Zipo kopeki za waya zenye miaka mia nne ambazo mwanafunzi angeweza kuzinunua kwa masurufu yake, na zipo rubli za karne ya 19 ambazo matajiri wamezitafuta maisha yao yote wasizione. Sarafu huwa adimu kwa sababu mtawala alikaa muda mfupi, au amri ilibadilika kabla kazi haijakamilika, au aliyekuja baadaye aliamrisha zirudishwe na kuyeyushwa. Kwa hakika, historia ya sarafu adimu za Urusi aghalabu ni historia ya watu ambao dola ilitaka wasahaulike.

Mfano ulio wazi ni wa Ivan Antonovich. Alitangazwa Kaizari mwaka wa 1740 akiwa na umri wa miezi miwili, na mwaka uliofuata Elizabeth, binti wa Peter I, akampindua usiku. Mtoto alifungwa, akakulia gerezani na kuuawa humo mwaka wa 1764. Rubli zilizobeba sura yake ziliamrishwa kurejeshwa ili zifuliwe upya kwa sura ya malkia mpya, na kuwa na sarafu yenye jina lake likawa jambo la hatari. Hata hivyo, si zote zilizorudi. Baadhi zilifichwa, nyingine zilisahauliwa masandukuni, na karne moja na nusu baadaye Georgii Mikhailovich, mtu wa ukoo uleule uliofaidika na mapinduzi yale, alizikusanya, akazipiga picha na kuzichapisha pamoja na amri zilizotaka zisiwepo.

Kisa cha pili kilimgusa karibu zaidi. Alexander I alifariki Taganrog mnamo Novemba 1825 kwa kalenda ya kale ya Urusi, bila mtoto wa kumrithi. Aliyefuata kwa umri alikuwa Konstantin, aliyekaa Warsaw, na mji mkuu ukala kiapo cha utiifu kwake. Wachache tu ndio waliojua kwamba Konstantin alikuwa amekwisha kukikataa kiti hicho kwa siri miaka michache awali. Kankrin, waziri wa fedha, akitaka kuonekana mwepesi wa kumhudumia bwana mpya, aliagiza itengenezwe rubli ya majaribio yenye uso wa Konstantin, na mchongaji Reichel akaanza kazi. Kabla haijafika popote, ilibainika kwamba Kaizari atakuwa Nicholas, mdogo wake. Tarehe 14 Desemba baadhi ya maofisa wakaasi katika uwanja wa Seneti, na Nicholas akauzima uasi huo kwa mizinga. Katika hali hiyo, rubli yenye jina la Konstantin haikuwa tena sarafu. Ilikuwa ushahidi wa kosa la waziri. Tano zilizokamilika, zenye maandishi ukingoni, zikafungiwa sandukuni wizarani pamoja na vyuma vya chapa, nazo zikakaa humo zaidi ya miaka hamsini. Alexander II ndiye aliyezitoa na kuzigawa, hasa kwa jamaa zake. Moja kati ya hizo tano ikaingia katika mkusanyiko wa Georgii.

Ipo na sarafu ya tatu isiyostahili kuachwa, ingawa si ya huzuni. Katikati ya miaka ya 1830, Kankrin huyohuyo aliagiza sarafu kubwa ya fedha ya rubli moja na nusu kwa ajili ya kumpendeza Nicholas I. Upande mmoja una uso wa Kaizari; upande wa pili una mkewe katikati, amezungukwa na watoto wao saba, kila mmoja ndani ya duara lake. Zilitengenezwa chache mno, na wakusanyaji huiita rubli ya familia. Mmoja wa watoto hao saba, mvulana wa miaka mitatu hivi, ni Mikhail Nikolaevich, babake Georgii. Ni watu wachache duniani ambao wamepata kuwekeza pesa katika sura ya baba yao akiwa mtoto.

Georgii alichapisha kitabu chake cha kwanza mwaka wa 1886, akieleza baadhi ya sarafu adimu alizokuwa nazo. Alikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu. Kazi hiyo ilikuwa ya kijana anayeonyesha mali yake, na kama angeishia hapo angehesabiwa miongoni mwa matajiri wengi wa zama zake waliopenda vitu vizuri. Miaka miwili baadaye alianza kazi ya namna nyingine. Kuanzia mwaka wa 1888 alitoa juzuu moja baada ya nyingine kuhusu sarafu za kila utawala, akianzia kwa Alexander II na kurudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea kwa Peter I, na juzuu za Peter zilitoka mwaka wa 1914. Juzuu moja, ya mwaka wa 1893, ilihusu sarafu ambazo Urusi ilizifua kwa ajili ya nchi ilizozishika: Prussia wakati wa Vita vya Miaka Saba, Poland, Finland, na Georgia, ambako kati ya 1804 na 1833 kiwanda cha Tiflis kilifua sarafu za fedha zenye maandishi ya Kigeorgia. Mtoto aliyekulia Tiflis bila shaka hakuhitaji kuelezwa maana ya sarafu hizo.

Thamani ya juzuu hizi haimo katika picha, ingawa picha zake ni nzuri. Imo katika nyaraka. Pamoja na maelezo ya sarafu, Georgii na wasaidizi wake, miongoni mwao Christian Giel, mjuzi mkubwa wa sarafu, na Demmeni aliyeshughulikia nyaraka, walichapisha amri za wafalme, barua za mawaziri, taarifa za viwanda vya sarafu, idadi ya sarafu zilizofuliwa na viwango vya fedha vilivyowekwa. Mathalani, anayetaka kujua ni kwa nini rubli ya mwaka fulani ni nyepesi hahitaji kukisia. Amri iliyoipunguza imechapwa mbele yake. Kabla ya hapo, wakusanyaji walibishana kwa kutegemea sarafu alizo nazo kila mmoja, kama vipofu wanaompapasa tembo.

Lazima ikubaliwe kwamba milango iliyomfunguka Georgii isingemfunguka mtu mwingine. Mwalimu wa shule au karani mwenye mapenzi yaleyale angesimama nje ya ofisi ya kiwanda cha sarafu hadi kiama. Kilichomtofautisha ni kwamba alipoingia hakuufunga mlango nyuma yake. Alichokiona ndani alikichapisha. Hilo ni jambo ambalo wenye mikusanyiko ya vitu adimu, hata ya miswada na maandishi ya kale, hawapendi kulifanya, kwa kuwa kinachojulikana na wote hakimpi mwenyewe fahari ya pekee.

Suala la novodeli linaonyesha tabia yake kwa upande mwingine. Novodeli zilikuwa sarafu zilizofuliwa upya na kiwanda cha serikali chenyewe, kwa vyuma vya zamani au vilivyoigizwa, kwa ajili ya wakusanyaji wenye uwezo waliokosa sarafu asilia. Hazikuwa bandia hasa, kwa sababu zilitoka katika kiwanda halali. Wala hazikuwa za kweli, kwa sababu hazikupata kununua hata mkate. Desturi hii iliichafua elimu ya sarafu kwa zaidi ya karne moja, kwani nyingine zilikuwa za sarafu ambazo katika wakati wake hazikuwahi kufuliwa kabisa. Georgii ndiye aliyeshinikiza desturi hiyo ikomeshwe, nayo ikapigwa marufuku mwaka wa 1890. Wapo wanaoweza kudai kwamba marufuku hayo yalimfaa yeye kuliko yeyote, maana sarafu asilia zilizokuwa kwake zilizidi kuwa na thamani. Dai hilo lina ukweli. Hata hivyo, bila marufuku hayo, mtafiti wa leo angekuwa na mlima mkubwa zaidi wa uwongo wa kupepeta.

Mwaka wa 1895 Nicholas II alianzisha makavazi ya sanaa ya Kirusi kwa kumbukumbu ya babake, Alexander III, na Georgii akakabidhiwa usimamizi wake. Yalifunguliwa kwa umma mwaka wa 1898 katika Jumba la Mikhailovsky, St. Petersburg, na yangali pale hadi leo. Kijana aliyenyimwa kitindamlo kwa kutaka kuchora akawa mlinzi wa picha za taifa zima.

Kuhusu maisha yake ya nyumbani machache yatatosha. Alioa mwaka wa 1900, huko Corfu, Maria, binti wa mfalme wa Ugiriki, aliyekuwa mdogo wake kwa miaka kumi na mitatu. Walizaa mabinti wawili, Nina na Xenia, na akawajengea nyumba Crimea iliyoitwa Harax, kwa jina la ngome ya Kirumi iliyokuwa mahali hapo. Maria hakuipenda Urusi. Mwaka wa 1914 aliwachukua watoto akaenda nao Uingereza, na vita vilipozuka hakurejea. Georgii hakuwaona tena.

Mapinduzi ya mwaka wa 1917 yalimkuta akiwa jenerali wa umri wa miaka hamsini na mitatu, asiye na la kuongoza. Aliruhusiwa kwenda Finland, na huko aliishi kimya akiwaandikia wanawe barua na kutafuta njia ya kuwafuata. Aprili 1918 alikamatwa Helsinki na kupelekwa Petrograd, kisha akahamishiwa Vologda, mji wa kaskazini walikokuwa wamepelekwa jamaa zake wengine. Julai mwaka huo Nicholas II aliuawa pamoja na mkewe na watoto wao Yekaterinburg, na usiku uliofuata nduguye Georgii, Sergei, akauawa Alapayevsk. Georgii mwenyewe alirudishwa Petrograd na kutiwa gerezani. Kakake mkubwa Nikolai, aliyekuwa mwanahistoria wa kuheshimika, alifungwa pia, na mwandishi Maxim Gorky alijaribu kumwombea asamehewe. Maombi hayo hayakufua dafu.

Mwishoni mwa Januari 1919 walichukuliwa wanne: Georgii, Nikolai, na wanawafalme Pavel Alexandrovich na Dmitri Konstantinovich. Walipelekwa Ngome ya Peter na Paul, wakapigwa risasi na kuzikwa katika shimo la pamoja. Hakuna aliyemchagulia Georgii mahali hapo kwa kusudi. Lakini ngome ile, pamoja na kuwa gereza na makaburi ya makaizari, ndimo kilimo kiwanda cha kufulia sarafu cha St. Petersburg. Rubli ya Konstantin ilifuliwa humo, na rubli ya familia vilevile. Barua na taarifa nyingi alizozichapisha katika juzuu zake ziliandikwa ndani ya kuta hizo, mwendo wa dakika chache tu kutoka pale aliposimamishwa.

Sarafu zake zilinusurika kuliko mwenyewe. Baada ya mapinduzi mkusanyiko uliondolewa Urusi, ukapita mikononi mwa wengi uhamishoni, ukamegwa na kuuzwa. Sehemu kubwa ilinunuliwa na Willis du Pont, tajiri wa Marekani, naye kwa awamu akaitoa zawadi kwa makavazi ya Smithsonian, jijini Washington. Ndiko iliko sasa maelfu ya sarafu na nishani za Mwanamfalme, pamoja na rubli yake ya Konstantin. Nyingine kati ya zile tano zimo St. Petersburg na Moscow, na mwaka wa 2021 mojawapo ya zilizo mikononi mwa watu binafsi iliuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni 2.

Mjane wake aliolewa tena na afisa wa jeshi la majini la Ugiriki na kufariki mwaka wa 1940. Xenia aliolewa na Mmarekani mwaka wa 1921, na Nina akaolewa mwaka uliofuata na Paul Chavchavadze, wa ukoo wa makabaila wa Georgia, ile nchi alikozaliwa babake. Wote wawili waliishia kuishi Marekani. Xenia alifariki mwaka wa 1965, na Nina mwaka wa 1974. Juzuu za baba yao zimechapishwa upya mara kadhaa, na katalogi za minada zinapoieleza rubli ya karne ya 18 au ya 19, chini ya picha huandikwa jina lake na nambari aliyoipa sarafu hiyo.